Mwalimu wa Kitanda cha Dirishani

Mwalimu walimleta mwezi wa nane, kipindi kile vumbi jekundu la barabara ya migodi linapoingia hadi ndani ya kabati la dawa. Alikuja kwenye kiti cha nyuma cha teksi, kichwa kwenye mapaja ya mumewe, mlango mmoja umefungwa kwa kamba kwa sababu miguu yake ilikuwa imekakamaa na haikukunjika. Nilikuwa zamu ya asubuhi katika chumba cha wanawake cha hospitali tulimokuwa tunafanya kazi hapa Kolwezi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili ya uuguzi na nilijiona najua.

Alikuwa na miaka thelathini na moja, mwalimu wa darasa la pili kule Kapata, kwenye zile safu za nyumba za kampuni ambako hata mimi nilizaliwa. Mumewe alikuwa karani kwenye depo moja ya kununua madini, mtu mwembamba aliyefuta miwani yake kila alipomaliza kusema jambo. Ndiye aliyenieleza jinsi ilivyoanza. Kichwa kuuma, homa kidogo, wakadhani malaria, akanywa dawa, akarudi kazini. Siku moja akaandika ubaoni neno "kuku". Akalifuta, akaliandika tena. Akaliandika mpaka ubao ukajaa kuku, watoto wakaanza kucheka. Alipogeuka kuwakemea, mdomoni hayakutoka maneno ya lugha yoyote.

"Tukamupeleka mu chumba cha maombi," alisema mume. "Siku tatu. Alikuwa anatukana mama yangu. Mutu mwenye hatukanaka hata mutoto! Tukasema ni pepo." Akafuta miwani. "Siku ya ine akaanguka, akaanza kutetemeka. Njo tumekuya."

Sikumlaumu. Nimewaona wengi wanaofika kwa njia hiyo. Ugonjwa wa ubongo haufanani na ugonjwa. Mtu anayetapika unamwona ni mgonjwa, lakini mtu anayemtukana mama mkwe wake unamwona amebadilika roho.

Daktari wetu, kijana aliyekuwa bado hajaota ndevu vizuri, alitaka kutoa maji ya uti wa mgongo ayapime. Mume alikataa. "Banasema ukitosha maji ya mugongo, mutu anakufa." Nilimvuta pembeni nikamwambia nimeshika wagonjwa wengi wakati wa kazi hiyo, na waliokufa walikufa na ugonjwa wao, si na sindano. Akakubali. Maji yakatoka meupe kama ya chemchemi, hayana usaha. Daktari akasema si uti wa mgongo ule unaofahamika, ni ubongo wenyewe umevimba, na huenda ni kidudu cha virusi. Dawa ilikuwepo. Tuliianza saa hiyohiyo. Kisha akaniangalia.

"Dawa itafanya yake," alisema. "Iliyobaki ni yenu bauguzi."

Tukampa kitanda cha dirishani, mbali na mlango, kwa sababu mtu wa namna ile hatakiwi kupata mwanga mkali wala kelele. Mume alileta kikwembe cha rangi ya buluu tukakitundika dirishani kizuie jua. Kichwa cha kitanda tulikiinua kwa matofali mawili. Puani tukapitisha mpira wa kumlishia. Na kwa kuwa alikuwa hajitambui na kibofu kilikuwa kimejaa mpaka kinaonekana chini ya kitovu, nikamwekea mpira wa mkojo, ule tunaouita sonde, unaoishia kwenye mfuko ulioning'inia kando ya kitanda. Niliuweka mwenyewe, kwa usafi wote niliofundishwa. Siku ile ulikuwa wa lazima. Hilo nalisema hata leo.

Siku ya tano mama yake akafika kutoka Musumba. Alisafiri juu ya lori la mihogo. Siku mbili katikati ya safari walilala njiani wakingoja watu wachimbue magurudumu. Alikuwa mwanamke mrefu, nyayo zimepasuka, nguo yote imegeuka rangi ya barabara. Aliingia, akasimama kwenye mguu wa kitanda, akamwangalia binti yake mwenye mpira puani. Hakulia. Aliniuliza kitu kimoja.

"Mama munganga, anasikia?"

Sisi wauguzi wote hapa tunaitwa munganga, hata kama si madaktari. Nikamwambia, "Pengine anasikia, mama. Umusemeshe."

Akavuta kindoo, akakigeuza, akakaa juu yake, akaanza kusema naye kwa Kiruund, lugha ya kwao. Hakuacha kwa siku sita. Sikuelewa chochote. Mimi ni Mluba wa kaskazini. Lakini nilielewa kwamba hakuwa anaomba wala analalamika. Alikuwa anampa habari. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesimulia nani ameoa, nani amejenga, mbuzi wa nani amepotea.

Alijifunza haraka kuliko wanafunzi wa uuguzi waliokuwa wanakuja kwetu. Nilimfundisha kumgeuza binti yake kila saa mbili, upande, mgongo, upande mwingine, ili ngozi isioze. Nilimfundisha kusafisha mdomo kwa kitambaa laini na maji ya chumvi, kuchuja uji wa mahindi na soya mara mbili usizibe mpira, kuumimina polepole na kungoja kabla ya kumlaza. Nilimwonyesha jinsi ya kumlaza ubavu degedege likija, asimshike mikono kwa nguvu, asimtie kijiko mdomoni. Kuna jambo alijifunza mwenyewe. Mchana, machimbo makubwa yanapolipua mwamba, vioo vya chumba vyote hutetemeka, na mara mbili mshtuko ule ulimletea mwalimu degedege. Mama akasikiliza king'ora kinachotangulia mlipuko. Kikilia tu, aliinuka akayafunika masikio ya binti yake kwa viganja vyote viwili, akasimama hivyo, mgongo umepinda, mpaka vioo vitulie.

Siku ya kumi na moja mwalimu alifungua macho na kuyaacha wazi. Nilikuwa nabadilisha serumu, yale maji ya mshipani. Aliangalia kikwembe cha buluu, akaniangalia mimi, akamwangalia mama yake, akasema neno. Mama akaangusha kikombe cha uji.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema njaa iko inamushika." Halafu ndipo akalia.

Ikaonekana kwamba Kiswahili chote kilikuwa kimetoka kichwani, na Kifaransa pia. Kilibaki Kiruund tu, lugha ya utoto wake. Nimeambiwa hutokea. Alikuwa na binti wa miaka minne, aliyezaliwa Kolwezi na asiyejua hata salamu moja ya Musumba. Watoto hawakuruhusiwa kuingia chumbani, kwa hiyo mume alimleta akambeba nje ya dirisha. Tukasogeza kikwembe. Mwalimu akasema na mtoto wake kwa Kiruund. Mtoto akajibu kwa Kiswahili, "Mama, utarudia lini?" Mwalimu akamgeukia mama yake kutafuta maana, na bibi akasimama kati yao akichukua maneno huku, akiyapeleka kule. Nilijifanya nahesabu matone ya serumu.

Siku mbili baadaye, asubuhi ya usafi, chumba kikiwa na fujo ya ndoo na kelele, mwalimu aliinua kiganja akasema kwa sauti kubwa, sauti ya darasani: "Asseyez-vous!"

Bibi mmoja aliyekuwa amesimama kitanda cha tatu akakaa palepale. Chumba kizima kikacheka, na yeye mwenyewe akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule upande ambao ulikuwa umeshapona. Kifaransa kilikuwa kinarudi. Daktari alipopita alimgusa bega akasema, "Huyu atarudi kazini." Nami niliamini. Nilikwenda nyumbani siku hiyo nikiwa na furaha ambayo kazi yetu haitoi mara nyingi.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Mgonjwa aliyeamka, anayesema ana njaa, anayesikia mkojo unamjia, hahitaji tena sonde. Tunafundishwa hivyo mwaka wa kwanza. Mpira ule ni mlango uliofunguliwa, na kila siku unayouacha vidudu vinapata njia ya kupanda. Mama yake hakusoma uuguzi lakini aliliona. Asubuhi ya kwanza baada ya binti yake kuamka aliniuliza, "Hii mupira, mutaitoa siku gani?"

"Kesho, mama."

Wiki ile umeme ulikuwa unakatika. Ule wa bwawa la Nzilo ulikuwa unakwenda migodini kwanza, na umeme ukikosekana, pampu ya hospitali haivuti. Bomba la chumba chetu lilitoa hewa tu. Maji tuliyachota kwenye kisima cha uani kwa bido, yale madumu ya plastiki, wauguzi na ndugu za wagonjwa kwa foleni moja. Tulikuwa wauguzi wawili kwa vitanda ishirini na viwili. Mashuka hayakuwa na wa kuyafua wala maji ya kuyafulia. Na mimi nilijua kwamba nikitoa mpira, mwalimu ambaye bado hawezi kusimama atalowesha shuka, mara tatu, mara nne kwa siku. Nilijiambia namkinga, shuka lenye mkojo litamletea vidonda vya mgongo. Ilikuwa kweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba mpira ulinipunguzia kazi.

Siku iliyofuata akaniuliza tena. "Mama munganga, anasema inamuchoma."

"Kesho, mama. Maji yakirudi."

Siku ya tatu nilisema kesho bila hata kusimama, nikiwa napita na sinia. Siku ya nne hakuuliza. Nadhani aliona haya kunisumbua.

Na kuna lingine. Kila mfuko wa mkojo unatakiwa kumwagwa kwenye chombo chake, mikono ioshwe, glavu zibadilishwe, kabla ya kwenda kitanda kingine. Katika siku zile nilimwaga mifuko ya wagonjwa watatu kwa jagi moja na jozi moja ya glavu, kitanda hiki, kitanda kile, kisha cha mwalimu. Mmoja wao alikuwa mama aliyekaa kwetu wiki nyingi, mkojo wake mzito, wenye harufu. Niliona mdomo wa mfuko wa mwalimu ukigusa ukingo wa jagi. Niliona. Nikasema moyoni nitaufuta baadaye kwa javeli, ile dawa ya kuua vidudu. Javeli ilikuwa ofisini, ofisi ilikuwa mwisho wa korido, na kitanda cha tano walikuwa wananiita.

Homa ilirudi siku ya kumi na sita. Alitetemeka mpaka kitanda kikasogea kutoka kwenye matofali. Sote tukafikiri ubongo. Daktari akafikiri ubongo, akaangalia macho, shingo, akaongeza dawa ileile ya mwanzo. Kifaransa na Kiswahili kidogo vilivyokuwa vimeanza kurudi vikapotea, akawa anaguna tu. Tulipoteza siku moja na nusu hapo, tukitafuta juu kitu kilichokuwa chini.

Nilikuwa nimeinama nimfunge nguo ndipo nikainua ule mfuko kwenye mwanga wa dirisha. Mkojo ulikuwa kama maji ya mchele. Sikuhitaji maabara.

Nilitoa mpira palepale, nikiwa nimeosha mikono mpaka kwenye viwiko, kwa maji ya kisima na sabuni, mara mbili. Mama yake alikuwa anaangalia.

"Leo muko munaitoa," alisema.

"Ndiyo, mama."

Akashika ncha ya shuka, akamfunika binti yake.

Maabara ilithibitisha kwamba kidudu kimeingia kwenye njia ya mkojo na kimeshafika kwenye damu. Tulimpa antibiotiki tuliyokuwa nayo. Kidudu hakikuijali. Ndivyo vilivyo vidudu vya hospitali, vimeshaonja dawa zetu zote. Mume alizunguka maduka ya dawa ya mji mzima mchana kutwa, akarudi jioni na ile nyingine iliyoandikwa, shati limelowa jasho, akaniwekea kiboksi mkononi kama mtu anayekabidhi yai. Tukamchoma. Presha yake ikashuka. Mkojo ukakauka. Miguu ikawa baridi, nikaifunika kwa sweta yangu.

Alikufa saa nne asubuhi, siku ya kumi na tisa. Ubongo ulikuwa umepona. Daktari alilisema hilo kwa sauti, kwa kushangaa, karibu kwa hasira: "Ubongo ulikuwa umepona." Akatoka nje.

Mama yake hakuwepo. Alikuwa uani, pale ndugu za wagonjwa wanapopikia, anamchemshia uji. Nilitoka mimi kwenda kumwambia. Nilimwona kwa mgongo, ameinama kwenye jiko la makaa, anakoroga kwa mkono wa kulia na mkono wa kushoto anaupepea moshi usimwingie machoni. Kando yake alikuwa ameweka kichujio na kikombe, vimefunikwa kwa kitambaa safi. Nilisimama mlangoni. Nikamwacha akoroge. Sijui kwa muda gani. Nilitaka awe na dakika chache zaidi za kuwa mama anayempikia mtoto wake. Halafu akageuka mwenyewe, akauona uso wangu, akauondoa uji motoni taratibu, akauweka chini, ndipo akaanguka.

Jioni nilikwenda kwa mkuu wa chumba chetu, muuguzi mwanaume aliyekaribia kustaafu. Nilimweleza yote. Ule mpira, zile kesho, lile jagi. Alisikiliza akiwa amefunga macho.

"Mudogo," alisema, "hukuwa na maji. Hukuwa na bantu. Unataka ujibebeshe mizigo ya hopitali muzima?"

"Nilikuwa na mikono, tata. Mpira unatolewa kwa mikono. Hauhitaji pampu."

"Kama kila mutu ataanza kusema hivi, watafunga chumba."

"Basi wafunge."

Alinifukuza, kwa upole lakini alinifukuza. Jumatatu, hata hivyo, nilimkuta amefika kabla yetu sote. Alikuwa amekata vipande vya plasta, na juu ya kila mfuko wa mkojo chumbani alikuwa amebandika kipande chenye tarehe mpira ulipowekwa. Alipopita nasi kitanda kwa kitanda, kabla ya kuuliza homa au presha, aliuliza, "Huu bado ni wa nini?" Asubuhi ile tulitoa minne. Majagi yakaandikwa namba za vitanda. Pipa la maji lenye bomba likawekwa katikati ya chumba, na kulijaza ikawa kazi ya kwanza ya zamu, kabla ya dawa. Kufikia saa tano huwa limekauka na tunarudi kisimani. Hakuna lililokuwa gumu. Hilo ndilo linaloniuma. Lote liliwezekana wiki moja kabla.

Wakamzika Kolwezi, kwa sababu Musumba ni mbali na barabara haibebi maiti. Siku ya tatu ya kilio nilikwenda Kapata. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai. Ndani, wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka, na mama yake katikati, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe. Nilisalimia, nikaimba nao nyimbo mbili, nikaomba kusema naye. Tukaenda nyuma ya nyumba, kwenye kijibustani cha matembele ambacho mwalimu alikipanda mwenyewe.

Nilimwambia nikiwa nimesimama. Nilimwambia kwamba si ule ugonjwa uliomleta hospitali ndio uliomuua. Nilimwambia kilichomuua kilipitia kwenye mpira, na kwamba mpira ulitakiwa kutolewa siku ile aliyoniuliza mara ya kwanza. Nilimwambia habari za jagi. Sikumtajia umeme wala pampu.

Aliinama kwenye tuta. Alikuwa anachuma majani ya matembele yaliyokauka na kuyatupa.

"Kesho," alisema. "Kila siku ulikuwa unasema kesho."

"Ndiyo, mama."

"Mi nikasema, munganga anajua. Mi niko mama wa kulima, nitajua nini? Nikanyamaza." Akachuma jani lingine. "Ile siku ya ine nilitaka kuuliza. Nikanyamaza."

"Si kosa lako, mama. Ni langu."

"Sikukuuliza ya nani." Alisema bila ukali. Halafu akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Humu mu nyumba bantu bote banasema ni Mungu. Baba yake mukwe anasema ni pepo. Weye unakuya, unasema ni weye. Mi maneno yako sijui niiweke wapi."

Nilipiga magoti kwenye ule udongo. Hakuniinua, hakunisukuma. Alitupa lile jani akasema, "Enda sasa. Bamama bananingojea ndani." Nikaenda.

Sikulala vizuri miezi mingi. Mikono yangu ilipasuka kwa kuosha, na ngozi ya vidole ikawa inatoa damu kwa javeli. Daktari kijana akaniambia nipunguze. Kwa muda nilifikiria kuacha kazi nikauze nguo za mitumba sokoni. Sikuacha. Sina sababu nzuri ya kukueleza. Kila nilipotaka kuandika barua kulikuwa na mtu kitandani.

Bibi aliondoka na mjukuu wake mwanzoni mwa mvua. Mume alikuwa amekubali mtoto akae Musumba mpaka atakapofika umri wa shule. Ni yeye aliyenipigia simu kunijulisha. Nadhani mama mkwe wake ndiye aliyemtuma, ingawa hakusema. Niliwakuta kwenye kituo cha malori, mtoto amekaa juu ya gunia la chumvi, amevaa sweta mbili na kofia. Bibi alinisalimia kama unavyomsalimia mtu mliyefanya naye kazi.

"Anakohoa tangu jana," alisema. "Umuangalie. Njia ni mrefu."

Nilimwangalia. Nilisikiliza mgongo kwa sikio langu tu, sikuwa na kipimo, nikagusa paji la uso, nikahesabu pumzi. Mtoto alicheka nilipomtekenya mbavu. Kifua kilikuwa safi, ni mafua tu.

"Hana kitu, mama. Mafua."

"Unasema kweli?"

"Nasema kweli."

Alinikazia macho muda mrefu, na sikuyakwepa. "Bon," alisema. Akampandisha mtoto juu ya mizigo, akapanda naye, akakunja miguu yake mirefu kati ya magunia. Dereva akawasha. Mtoto alipunga mkono kwa kila mtu, hata kwa mbuzi waliokuwa wanalala chini ya lori la jirani. Bibi alikuwa anamfunga kwake kwa kitenge kiunoni asianguke, na alikuwa bado anakaza fundo lori lilipogeuka kwenye barabara kuu.

Zamu yangu ilikuwa inaanza saa saba. Nilikwenda kwa miguu. Chumbani nilikuta wagonjwa kumi na tisa, mmoja mpya kwenye kitanda cha dirishani, msichana wa sokoni aliyevunjika paja, ambaye alikuwa anapiga kelele kwa maumivu na kuniuliza kama kuna mtu yeyote humu ndani anayefanya kazi.